Ramani ya Ubongo wa Fuko

Wiki ya tatu baada ya kustaafu, nikiwa nyumbani Iringa napalilia mboga, Neema alinipigia simu kutoka maabara kule Mbeya. Neema ndiye anayekaa sasa kwenye kiti nilichokikalia miaka zaidi ya thelathini. Hakupoteza muda na habari za nyumbani.

"Shikamoo mama. Ubongo unavunjika. Kila nikikata unamomonyoka kama biskuti."

Nikamwambia auloweke uso wa kipande chake kwenye maji ya barafu dakika kumi, akate taratibu, na siku nyingine asikiache kwenye spiriti mpaka arudi kutoka kula.

"Umejuaje kama nilienda kula?"

Nilijua kwa sababu na mimi nilikwenda kula. Nilipokata simu nikanawa mikono, nikatafuta daftari. Yako mengi ambayo hayamo kwenye vitabu vya maabara, na nikiyaacha kichwani mwangu hayatamsaidia mtu. Ya vyeo na mishahara sitayaandika. Hayo yako kwenye faili, na faili halijawahi kumfundisha mtu kukata ubongo.

Nilifika Mbeya nikiwa na cheti kipya, sweta la kijani alilonifumia mama yangu, na imani kwamba nitapima malaria mpaka nizeeke. Wakanipeleka chumba cha mwisho kwenye korido, chumba cha tishu. Kazi ya chumba kile ilikuwa kupokea vipande vya nyama ambavyo madaktari wamevitoa kwa wagonjwa, kuvikausha, kuvizamisha kwenye nta, na kuvikata kwa mashine viwe vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Halafu vinalazwa juu ya kioo, vinatiwa rangi, na daktari anavisoma kwa hadubini.

Mwenye chumba alikuwa Bi Zuhura. Alizaliwa Mwanjelwa, babu yake alitoka pwani kuja kuuza nguo akaoa hukohuko, na Kiswahili chake kilinitia aibu tangu siku ya kwanza. Mimi natoka Kalenga. Nyumbani tulisema Kihehe, na Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni na sokoni.

"Kisu yangu haikati," nilimwambia asubuhi ile ya kwanza.

"Kisu changu hakikati," alisema bila kugeuka. "Na wala si chako, ni cha serikali. Kinakata, ila hujui kukiomba."

Wiki mbili nzima alinipa nta tupu, bila nyama ndani. Nilizungusha mkono wa mashine, utepe wa nta ukatoka umepinda, umechanika, au umejikunja kama kucha. Julai ya Mbeya mnaijua. Nta inakuwa ngumu, vidole vinakuwa vigumu, na chuma cha mashine kinauma ukikigusa. Bi Zuhura aliniambia nishike mashine kwa viganja viwili kabla sijaanza, kama mtu anayeshika kikombe cha chai. Sijui kama ilisaidia mashine. Mimi ilinisaidia. Kisha akanifundisha jambo ambalo nimewafundisha wote waliokuja baada yangu: toa pumzi nje yote, ndipo uzungushe. Mtu aliyebana pumzi mkono wake unatetemeka bila yeye kujua.

Siku ya kumi na tano akaweka mbele yangu kipande chenye nyama ndani. Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Nilipokiita "sampuli" alikiondoa akakirudisha mezani kwake.

"Huyu ni mama mmoja wa Chunya," alisema. "Yupo wodini, ameacha watoto nyumbani, anasubiri aambiwe kama ni saratani. Ukimkata vibaya, daktari atasoma vibaya. Ukishajua kwamba huyu ni mtu, nitakurudishia."

Nikasema nimejua. Akanirudishia. Nilikata vipande sita, vinne vikawa vibovu, viwili vikafaa. Yule mama wa Chunya hakuwa na saratani. Sikuwahi kumwona uso, lakini jina lake nalikumbuka hadi leo.

Nimeruka miaka mingi hapa, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Miaka mingi ya kazi yetu inafanana, na huo ndio uzuri wake. Bi Zuhura alistaafu, akaenda kukaa kwenye duka la vitenge la mwanawe pale Mwanjelwa, nami nikabaki na chumba. Nilidhani nimeshajua kila kitu. Ndipo akaja Daktari Ambakisye.

Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, ametoka kusomea ubongo. Aliniita dada Edina tangu siku ya kwanza, akavuta kiti, akaniuliza kama nimewahi kukata ubongo wa fuko.

"Fuko yupi? Huyu anayekula viazi vyetu?"

"Huyohuyo."

Alinieleza hivi, nami nawaeleza vilevile. Ndani ya ubongo kuna protini ambazo chembe za fahamu zinazihitaji ili zikue, zishikane, na zisife mapema. Mojawapo tuliita tu protini ya ukuaji. Kwa panya wa kawaida inajulikana imekaa sehemu zipi. Lakini panya wa kawaida anazeeka upesi na kufa. Fuko, ambaye ni ndugu yake wa mbali, anakaa chini ya ardhi gizani miaka mingi sana, na ubongo wake unaendelea kufanya kazi. Daktari alitaka kujua kama kwake protini ile imekaa palepale, au ina makao mengine. Alitaka ramani. Na ramani hiyo ingetengenezwa kwa kukata ubongo mzima, kipande baada ya kipande, kutoka puani hadi shingoni, bila kupoteza hata kimoja.

"Nani atawakamata?" aliuliza.

"Baba yangu," nikasema. "Amekuwa akiwakamata tangu sijazaliwa."

Tulikwenda Kalenga na vibali vyote na gari la kazini. Baba alitupokea shambani, amevaa koti lake la mvua ingawa hakukuwa na mvua.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, baba," Daktari akajibu. Nilikuwa nimemfundisha salamu hiyo ya Kihehe njiani.

Baba alisikiliza maelezo yote kwa heshima, kisha akacheka hadi akakaa chini. "Miaka yote hii nawaua bure, kumbe wanasomewa!" Akatuonyesha ufundi wake. Unatafuta kichuguu kibichi, unafungua njia ya fuko kwa jembe, unaiacha wazi, halafu unakaa kimya. Fuko hapendi upepo uingie ndani kwake. Anakuja kuziba. Akishafika mlangoni na kuanza kusukuma udongo, unapiga jembe nyuma yake, njia inafungwa, naye yuko mikononi mwako mzima. Baba alikuwa na umri mkubwa tayari, lakini lile pigo la jembe lilikuwa la kijana. Siku mbili tukapata fuko watano. Tukawaweka kwenye ndoo zenye udongo na viazi vitamu, kila mmoja na ndoo yake, maana wakikaa pamoja wanaumana.

Njiani tulisimama Nyololo kula. Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma alichungulia nyuma ya gari akaona ndoo inatikisika.

"Kuku?"

"Fuko," nikasema.

"Mnampelekea nani zawadi ya namna hiyo?"

Daktari akamwambia wanakwenda Mbeya, hospitali. Yule mama akatazama ndoo, akatutazama sisi. "Wanaumwa nini?"

Niliendelea kucheka peke yangu hadi Makambako. Lakini Mbeya sikucheka. Tuliwalaza kwa dawa ya usingizi, mmoja mmoja, kwa utaratibu ambao hawapati maumivu, na kila mara nilijikuta nasema "pole" kwa sauti. Daktari hakuwahi kunicheka kwa hilo. Naomba na ninyi msicheke.

Nimesema kwamba baba alitupokea shambani. Sijasema kwa nini hakutupokea nyumbani. Mama alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa chumvi, ufunguo, siku ya kanisa. Baadaye akaanza kuuliza watoto wamekwenda wapi, na mdogo wetu wa mwisho ana wajukuu. Baba alikuwa anaona haya mgeni asije akaulizwa jina lake mara nne. Jioni ile, tulipokuwa wawili, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hiyo protini mnayoitafuta, ni ya kumbukumbu?"

"Inahusika, baba."

"Mkiijua ilipo, mtaweza kumpa na mama yako?"

Nikamwambia bado ni mbali sana. Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Lakini kila nilipopiga simu baada ya hapo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mmefika wapi na fuko?"

Sasa nieleze kosa langu. Neema na wenzake hawalijui, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ili kuiona ile protini, unamwagia kipande cha ubongo kingamwili, yaani dawa inayokwenda kuishika protini hiyo peke yake. Halafu unatia rangi, na popote kingamwili iliposhika panakuwa kahawia. Ila mwili una ujanja wake. Damu na baadhi ya chembe zinaweza kujipaka kahawia zenyewe, bila kingamwili. Ndiyo maana kwanza unazinyamazisha kwa dawa inayotoa povu, peroksaidi. Na ndiyo maana kila mara unatayarisha slaidi moja, yaani kioo chenye kipande, isiyopewa kingamwili kabisa. Hiyo tuliiita shahidi. Shahidi akibaki mweupe, wengine wote wanasema kweli. Shahidi akiwa kahawia, kazi yote ya siku ile unaitupa.

Asubuhi moja nikiwa natayarisha kundi la slaidi za fuko wa tatu, baba alipiga simu. Mama alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, wakamkuta anatembea kando ya mto, peku, anasema anakwenda kwao. Kwao ambako wazazi wake walishakufa zamani. Nilimaliza kumwaga kingamwili, nikaziweka slaidi kwenye friji, nikapanda basi. Siku mbili nilikaa na mama. Niliporudi nikatia rangi, nikapanga slaidi kwenye trei, ndipo nikaona nafasi moja iko wazi. Sikutayarisha shahidi.

Nilichotakiwa kufanya mnakijua. Nilichofanya ni hiki: nilifungua sanduku la kundi lililopita, nikachukua shahidi wake, mweupe kabisa, nikafuta tarehe, nikaandika tarehe mpya, nikamweka kwenye nafasi. Haikuchukua hata dakika moja.

Kesho yake Daktari aliniita kwenye hadubini kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Dada Edina, njoo uone!"

Kulikuwa na sehemu ndogo, chini katikati ya ubongo, imekolea kahawia kama chai ya rangi. Panya wa kawaida hana protini nyingi mahali pale. Daktari alianza kutembea chumbani. Alisema kama ni kweli, basi fuko ana akiba ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na huenda ndiyo inayolinda ubongo wake usizeeke. Akaangalia shahidi, akamkuta mweupe. Akanipiga bega. Mimi nikiwa nimeinamia ile hadubini sikuwaza ubongo wa fuko hata kidogo. Nilimwaza mama akiwa peku kando ya mto.

Daktari akaandika muhtasari, ukakubaliwa, akapangiwa kuzungumza kwenye mkutano wa wataalamu Dar es Salaam.

Zilikuwa zimebaki siku tisa nilipofungua chupa mpya ya peroksaidi. Nina mazoea ya kuijaribu juu ya tone la damu. Ikatoa povu jeupe, jingi, hadi likamwagika. Nikabaki nimesimama na ile chupa mkononi. Sikumbuki kuona povu la namna ile kwa miezi miwili. Nikaitafuta chupa ya zamani, ilikuwa imebaki kidogo chini. Nikaidondoshea damu. Hakukuwa na povu. Ilikuwa imekufa siku nyingi, imekuwa maji tu.

Nikachukua vipande vilivyobaki vya fuko yule wa tatu, nikavipitisha kwenye peroksaidi ile ya zamani, nikavinyima kingamwili, nikavitia rangi. Nilikuwa natengeneza shahidi niliyepaswa kumtengeneza mwanzo. Akatoka kahawia. Palepale, chini katikati. Hapakuwa na akiba yoyote pale. Ilikuwa damu na chembe zinazojipaka zenyewe.

Sikwenda kwa Daktari. Nilikwenda Mwanjelwa.

Bi Zuhura alikuwa anampimia mteja kitenge. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda. Mteja alipoondoka nikamweleza yote, bila kuruka ile habari ya tarehe. Alisikiliza huku anakunja vitambaa.

"Sasa mimi umeniambia ya nini?" aliuliza.

"Nimeshindwa kumwambia Daktari."

"Hujashindwa, hujajaribu. Umekuja kwangu ili nikwambie kwamba una mama mgonjwa, kwamba kila mtu hukosea. Ni kweli, una mama mgonjwa. Na kila mtu hukosea." Akaweka kitambaa rafu ya juu. "Lakini ile tarehe hukukosea, Edina. Ile uliiandika."

Nililia pale kwenye kigoda, katikati ya vitenge, wateja wakipita. Hakuniambia ninyamaze. Aliniletea chai ya tangawizi, akakaa karibu yangu hadi nikaimaliza, akanifuta uso kwa ncha ya ushungi wake kama mtoto.

"Haya, nenda," alisema. "Yuko ofisini bado, na ukilala na jambo hili kesho utalipamba."

Daktari alikuwa anapanga picha za mkutano. Niliweka mezani kwake slaidi mbili, yule shahidi wa uongo na yule wa kweli, nikasema. Alivua miwani. Aliangalia dirishani, kule kwenye mlima Loleza.

"Kwa nini hukusema siku ileile?"

"Nilitaka iwe kweli."

"Kwa ajili ya mama?"

"Ndiyo."

Akavaa miwani. "Na mimi nilitaka iwe kweli. Nilimwona shahidi mweupe nikafurahi, wala sikuuliza chochote." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini mimi sikujua, Bi Kalinga. Wewe ulijua."

Hakuwahi kuniita Bi Kalinga kabla ya siku ile.

Aliandika barua akajitoa kwenye mkutano. Niliisoma, kwa sababu alinipa niisome. Aliandika kwamba matokeo yana kasoro iliyotokea maabara na kwamba jukumu ni lake. Jina langu hakulitaja. Nilimwambia alitaje. Akasema hapana, mkuu wa maabara anajua na hiyo inatosha. Kisha akasema kazi yote inarudiwa, na nitakayeirudia ni mimi.

"Hutaki mtu mwingine?"

"Nataka anayejua ilipoharibika."

Kwa mwaka mzima, kila nilipotayarisha shahidi, alikuja akakaa pembeni, akaangalia, akasaini. Vijana, nawaambieni kwamba hakuna adhabu iliyonichoma kama ile saini, na hakuna iliyonifundisha zaidi.

Vipande havikutosha, ikabidi turudi Kalenga. Ilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama tofali, fuko wamekwenda chini. Nilimweleza baba kwa nini nimerudi. Alikuwa anachimba, akasimama.

"Walikukamata au ulisema mwenyewe?"

"Nilisema mwenyewe."

"Na ile sehemu iliyokuwa na dawa, haipo?"

"Haipo, baba."

Aliegemea mpini wa jembe. Nilijua kwamba pale nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokuwa anakishikilia kila akilala. Halafu akanyoosha mkono, akanipa jembe. "Basi chimba upande ule. Mimi mgongo unauma."

Tulipata fuko wanne kwa siku sita.

Marudio yalichukua miaka, maana dawa zilikuwa zinachelewa, na umeme wa Mbeya nao una siku zake. Nilikata ubongo wa kila fuko kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale chini katikati palitoka peupe, kila mara, na kila mara nilipaangalia mara mbili. Lakini kuna sehemu nyingine iliyojikunja kama pembe ya kondoo dume, ndani kidogo ya ubongo, mahali ambapo kumbukumbu mpya huandikwa. Hapo palikuwa kahawia imara, kwa fuko wachanga na kwa wale waliozeeka hadi meno kuwa manjano. Haikupungua kwa wazee kama tulivyotarajia. Si habari ya kumtembeza mtu chumbani kwa furaha, lakini ni ya kweli, na shahidi wake ni mweupe. Siku tulipohakikisha, Daktari alifunga hadubini akasema, "Tumeipata, dada Edina." Nikajifanya natafuta kitu kwenye droo.

Ramani ilichapishwa nikiwa nimebakiza miezi minne kazini. Daktari alisema lazima tuipeleke Kalenga, kwa mwenye fuko.

Safari hii baba alitupokea nyumbani. Alikuwa ameshaacha kuona haya, au alikuwa amechoka nayo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, juani, anasuka kikapu cha milulu, zile nyasi ndefu za bondeni. Daktari alitandaza ramani mezani. Baba akaipitia kwa kidole, polepole, kama anayekagua mipaka ya shamba.

"Hapa ndipo pembe?"

"Ndipo hapo, baba."

"Na kwa mke wangu ndipo palipoharibika?"

"Kwa watu wengi wenye ugonjwa huu, huanzia karibu na hapo."

"Dawa hamna."

"Hatuna, baba. Tunajua tu kwamba kuna kiumbe mmoja ambaye kwake sehemu hiyo haichoki. Bado hatujui kwa nini."

Baba alitikisa kichwa. "Afadhali umesema," akasema. Akatazama kule uani. "Lakini mbona kusuka hajasahau? Mimi ananiita jina la kaka yake. Kikapu hakosei hata mshono mmoja."

Daktari akamwonyesha kwenye ramani, mbali kidogo na ile pembe. Alimweleza kwamba kazi za mikono, zile zilizorudiwa maelfu ya mara, zimehifadhiwa sehemu nyingine, na ugonjwa huchelewa kufika huko. Baba aliweka kidole pale, akakiacha.

Niliwaacha mezani, nikaenda kukaa kwenye mkeka. Nilimwamkia mama. Aliitikia vizuri, kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni wa kanisani. Kando yake kulikuwa na milulu iliyolowekwa na kikapu kingine kilichoanzwa kikaachwa. Nikakichukua. Sikuwa nimesuka tangu niko msichana, na mwanzoni vidole vilipotea. Nikatoa pumzi nje, nikaanza tena. Mshono wa kwanza ulilegea. Wa tatu ukakaa. Tukasuka hivyo, jua likitupiga migongoni, kuku wakipita katikati yetu. Baada ya muda niliona mikono ya mama imesimama. Alikuwa ananiangalia mimi, au tuseme vidole vyangu.

"Una mikono mizuri," alisema. "Imetulia. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

Akafurahi. Akarudi kwenye kikapu chake, akavuta mlulu mmoja kwenye maji, akaukung'uta.

"Msalimie," alisema.

"Zimefika, mama."